Mtoto Mgongoni Siku ya Josho

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Ukungu ulishika mlima tangu alfajiri, haukuachia mpaka saa nne. Baada ya hapo upepo, na jua la kuangalia tu, halina joto. Mahindi niliyoanika uani yamebaki na unyevu wake, nimeyarudisha ndani.

Nimestaafu kazi ya josho juzijuzi. Vijana wa ofisi ya mifugo waliniaga kwa soda na keki, na afisa mifugo wetu, binti Rehema aliyeletwa huku kutoka Tanga, akasema, "Mzee Paskali, andika kidogo uliyopitia kazini, tuje tusome." Nilikubali kwa kichwa kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Shule niliishia darasa la saba na mwandiko wangu hupanda mlima, kwa hiyo atakayesoma avumilie. Habari za vyeo nimeziruka, maana cheo kilikuwa kilekile tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilitaka kuandika mambo ya dawa ya kupe tu. Lakini kila mfanyakazi mpya anayefika pale huniuliza kwanza kama ni kweli niliwahi kuogesha ng'ombe nikiwa na mtoto mgongoni. Ni kweli. Nitaandika hilo, na mambo ya dawa nitayaingiza yanapofaa. Kama Rehema ataona haya siyo ya kazi, aruke.

Siku yangu ya kwanza nilifika josho lile, juu kidogo ya Endasak, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Msimamizi alikuwa Mzee Boay, mtu mfupi, sauti kubwa. Aliviangalia viatu akasema, "Leo vitabatizwa." Ng'ombe wa kwanza alipojitupa kwenye tangi, vikabatizwa. Nyumbani hata mbwa hakunisogelea. Kesho yake nilipewa gambuti.

Mzee Boay ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na kijiti cha kupimia kina, mti mnyoofu wenye alama za kisu, na hakuna aliyeruhusiwa kukishika. Alisema nywesha ng'ombe maji kwanza, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu atakunywa josho. Alisema ndama na ng'ombe wenye mimba waache mwishoni, wasikanyagwe. Alisema dawa hutulia chini kama sukari kwenye chai isiyokorogwa, na mwiko wa kuikorogea ni ng'ombe wenyewe: kundi la kwanza hupita kukoroga, kisha hurudi nyuma ya foleni kuoga upya. Kwa hiyo hakuna mfugaji anayetaka kuwa wa kwanza. Watu huamka alfajiri kuwahi kuwa wa pili.

Mimi aliniweka langoni. Kazi ya langoni ni kuachia ng'ombe mmoja mmoja kwenye njia nyembamba inayoshuka kwenye tangi. Lango liko upande wa juu, upepo wa mlimani hupita kwanza kwetu ndipo uende kwenye dawa. Nasema hivyo msije mkadhani mtoto alikuwa ananing'inia juu ya tangi, kama wanavyosimulia watu wa mnadani.

Sasa mtoto.

Binti yetu Veronika alikuwa ameanza kutembea wakati mke wangu Theresia alipoteleza mteremkoni na mzigo wa kuni, kipindi cha masika. Mfupa wa mgongo ulipata ufa. Hospitali walimlaza, kisha wakamrudisha nyumbani na amri kwamba alale chali, asinyanyue kitu hata sufuria, mpaka watakapomwona tena. Walisema ni mambo ya miezi.

Veronika alikuwa na ule umri ambao mtoto anajua kutembea lakini anaona hiyo ni kazi ya watu wengine. Alikuwa mtoto wa mgongoni. Ukimweka chini analia, ukimpandisha mgongoni ananyamaza na kutazama dunia kama diwani. Majirani walisaidia, siwezi kusema hawakusaidia. Lakini ulikuwa msimu wa palizi na kila mgongo ulikuwa shambani, mingine tayari ina mtoto wake.

Ndipo akaja mama mkwe wangu, Bibi Magdalena wa Gehandu. Alikuja kwa pikipiki, ameketi upande, kuku mkononi. Begani alikuwa na mbeleko, kitenge cha bluu kilichokunjwa, hakina mtoto. Theresia alipoiona ile nguo kutoka kitandani akageuza uso ukutani.

Inabidi nieleze kwa nini. Mtoto wetu wa kwanza, Emanueli, alipoachishwa ziwa alipelekwa Gehandu kwa bibi, kama ilivyo kawaida yetu, akae kidogo. Akakaa mpaka shule. Bibi alimlea vizuri sana, lazima niseme. Alirudi amenenepa, ana adabu, anajua kuswaga ng'ombe wa plau. Ila kule alikuwa amewasikia wajomba zake wakimwita Theresia dada, naye akarudi akamwita dada. Mama yake ni yule wa Gehandu. Tulimrekebisha, akajaribu, akashindwa. Theresia hakulalamika mbele ya watu. Lakini kila alipoitwa dada aliitika akiwa amegeukia jiko.

Mimi nilikuwa nje, nimekaa kwenye gogo. Kwetu mkwe haguswi. Hamshikani mikono, hamkai kiti kimoja, hamli sahani moja, na mkikutana njiani kwenye njia nyembamba mmoja anaingia kwenye mahindi. Ni shikamoo mama, marahaba baba, basi. Kwa hiyo nilisikiliza kupitia ukutani.

"Mama, huyu niachie," Theresia alisema.

"Nikuachie umbebe kwa mgongo upi?"

"Baba yake anao."

Mimi huko nje nikajishika mgongo.

"Baba yake anaogesha ng'ombe."

"Anaogesha siku moja kwa wiki. Siku nyingine anafagia."

Hiyo haikuwa kweli sana, kuna kutengeneza uzio na kutoa matope kwenye tangi, lakini niliona siyo wakati wa kusahihisha.

"Theresia, mimi sikunyang'anyi. Unalala chali kama mbao. Mtoto atakula nini, atalala kwa nani?"

"Atalala hapa, anione. Emanueli ulimchukua nikiwa mzima, mama. Huyu ukimchukua sasa, akirudi nitakuwa jirani."

Kuku akaanza kuongea. Kisha bibi akasema kwa sauti ya kufika nje, "Nitalala kwa mdogo wangu Endasak mpaka siku ya josho. Siku hiyo nitakuja kuangalia mwenyewe. Nikimkuta mtoto amebebwa sawasawa na hanuki dawa, narudi Gehandu na nguo yangu tupu. Nikikuta vingine, narudi naye. Baba Emanueli, umesikia huko?"

"Nimesikia, mama."

"Kuku huyu ni wa mgonjwa. Usile paja."

Nilianza kujifunza siku hiyohiyo, kwa mbeleko ya Theresia mwenyewe. Theresia alinielekeza kutoka kitandani, lakini mtu aliyelala chali anaona dari, hakuoni wewe. "Inama," anasema. Nimeinama. "Inama zaidi." Nimeinama zaidi. "Sasa mrushe mtoto juu." Nani amrushe? Mikono yangu iko mbele, mtoto yuko nyuma, nguo iko chini. Wanawake wanafanya jambo hili wakiwa wanaongea na mtu mwingine, tena wakiwa na ndoo kichwani. Mimi nilijaribu karibu na kitanda ili akianguka aangukie godoro, na mara kadhaa aliangukia godoro. Yeye alifurahi. Alidhani ndiyo mchezo wenyewe.

Mwishowe nikatumia akili ninayoijua. Punda nimefunga tangu nikiwa mtoto. Gunia la mahindi la kutoka Gehandu mpaka mnadani halijawahi kuniangukia. Nikamfunga Veronika kama tunavyofunga punda: nguo imezunguka mara mbili, fundo ubavuni, na kamba kutoka kwenye nguo mpaka kwenye mkanda wa suruali, ile ambayo kwa punda hupita chini ya mkia kuzuia mzigo usiende mbele. Niliruka mara kadhaa pale uani. Hakucheza.

"Amekaa?" Theresia akauliza.

"Amekaa kama gunia."

"Huyo siyo gunia, Paskali."

"Gunia halianguki," nikasema. Nilijiona nimemaliza.

Siku ya josho ilifika, baridi na manyunyu. Wafugaji walikuwa wamekwisha kufika, kila mmoja akimkaribisha mwenzake apite mbele. Waliponiona, Safari, mfugaji mmoja asiyeweza kukaa na neno tumboni, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama Vero."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. Niliona nikikasirika itakuwa mbaya zaidi.

"Huyo ndama naye anaogeshwa?"

"Wadogo tunawaacha mwishoni. Kaa kwenye foleni yako."

Mzee Boay alinitazama kutoka kwenye tangi. Hakucheka. Alisema, "Ukae langoni. Usikanyage upande huu wa dawa hata kwa kuitwa na Rais," akaendelea kupima kina. Huo ndio ulikuwa ukubwa wa yule mzee, sijui kama nimeueleza vizuri.

Bibi Magdalena alikuja wakati kundi la kukoroga linapita. Alisimama nyuma ya uzio, kitenge cha bluu begani, mikono imefungwa. Nikasema shikamoo mama kwa mbali, akaitikia kwa mbali.

Kazi ikaenda vizuri kwa kitambo. Mtoto alikuwa anapiga kelele kila ng'ombe anapojitupa, wafugaji wakaanza kumpenda. Halafu akalala. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho gunia halikunifundisha. Gunia lina uzito mmoja. Mtoto akilala uzito wake unashuka kama maji na kutafuta upande. Dume la Safari likagoma langoni, mimi nikageuka ghafla kulisukuma kwa bega, na nguo yote ikazunguka. Veronika akaja mpaka chini ya kwapa langu, kichwa chini, miguu juu, amening'inia kwa ile kamba ya mkia. Hakuumia. Hakulia hata. Aliamka akiitazama miguu ya dume kwa ukaribu ambao sikuupenda. Nikamfumbata kwa mkono mmoja, nikafunga lango kwa mwingine, nikasimama hivyo.

Hakuna aliyecheka, hata Safari. Wote waligeuka kumtazama bibi.

Mimi nilifikiria kitanda kule nyumbani, na Theresia anayetazama dari akisubiri kusikia nyayo zangu zina uzito wa watu wangapi.

Bibi alipita katikati ya uzio. Alikuja mpaka karibu yangu, mikono tayari imenyooka kushika ile nguo aifungue, kisha akasimama. Mikono ikabaki hewani. Kunifungua mimi mgongoni, mkwe wake, mbele ya wanaume wote wale, haiwezekani, na mimi nilirudi nyuma hatua kabla sijafikiri. Tukabaki tunatazama chini, yeye kulia, mimi kushoto, mtoto katikati kichwa chini.

Bibi akageuka. "Wewe mzee wa kijiti. Wewe siyo mkwe wangu. Njoo hapa."

"Mimi?" Mzee Boay akasema.

"Una mgongo?"

"Ninao, ila ni mgongo wa mzee."

"Nawa mikono, vua koti hilo la dawa, uiname."

Nilimwona Mzee Boay akiweka kile kijiti chini. Sijawahi kumwona akikiweka chini kabla wala baada. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akavua koti, akainama.

"Zaidi. Mgongo uwe meza. Siyo hivyo, hiyo ni meza ya baa. Nyooka. Haya. Wewe mwenye dume hili, njoo. Mchukue mtoto kwa baba yake umlete." Maana hata mtoto hakuweza kumpokea kutoka mkononi mwangu. Nikafungua fundo na kamba mwenyewe, Safari akamleta mtoto na nguo yake kama anabeba mayai.

"Baba Emanueli, angalia," bibi akasema huku akimtazama Mzee Boay. "Mtoto kifua chini, mgongoni. Miguu ipanuke, magoti yashike mbavu. Unaona? Yeye amepanda. Punda ni wewe. Ulikosea hapo tu, ulimfunga kama mzigo. Mzigo haushiki. Mtoto anashika, kwa hiyo mpe pa kushika."

Akaikunjua ile mbeleko yangu, akaipitisha juu ya mtoto. "Nguo ishuke chini ya makalio, ikunje hapo iwe kiti. Ipande mpaka kwapani, mikono ikae nje, huyu siyo kichanga. Vuta mpaka usisikie nafasi. Sisi wanawake tunazungushia juu ya matiti, nguo inashika. Huyu mzee hana, basi kona moja ipite juu ya bega, nyingine chini ya kwapa, fundo kifuani unapoliona kwa macho."

"Anayo kidogo," Safari akasema.

"Nimekusikia, Safari," Mzee Boay akasema akiwa bado ameinama. "Wiki ijayo ng'ombe wako ndio wa kukoroga."

Aliponyooka, Veronika alilaza shavu kwenye shati lake akalala palepale. Wafugaji wakasema eee, kama kanisani.

Kisha ikawa zamu yangu. Safari akamtoa mtoto kwa mzee, nikainama, naye akamweka. Bibi alisimama mbali, akitoa amri. Kaza. Siyo huko, hiyo ni shingo yako. Kiti kiko wapi? Umesahau kiti. Nikafanya. Nikanyooka. Akasema zunguka, nikazunguka. Ruka. Nikaruka. Mtoto akakoroma.

"Amefungwa," bibi akasema. "Mlete nimnuse."

Safari akamtoa tena na kumpeleka na nguo yake. Na hapa niseme jambo lilivyokuwa: ile nguo ilikuwa inanuka. Ilikuwa imelala chini ya koti langu la kazi, na harufu ya dawa ya kupe haibishi hodi. Nilikuwa nayo puani tangu asubuhi. Nikaona bora aisikie kwangu kabla ya pua yake.

"Mama, nguo inanuka."

Akanusa kichwa cha mtoto. Akanusa shingo. Akanusa nguo, akafumba macho.

Kisha akashusha kile kitenge cha bluu begani. Nikajua ndiyo basi.

"Nguo inanuka," bibi akasema. "Mtoto bado." Akampa Safari kile kitenge. "Mpe mkwe wangu. Hii ya nyumbani, hailali na koti la mtu. Hiyo nyingine naichukua nikaifue, nikiirudisha itakuwa ya josho, na ikitoka josho inaishia nje ya mlango. Nguo mbili. Baba Emanueli, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na kamba ya mkia utoe."

Akaondoka kwa pikipiki, ameketi upande, na mbeleko inayonuka imefungwa kwenye mfuko.

Kwa nini hakumchukua, sijui. Masharti yake yalikuwa mawili, la kwanza nilikuwa nimelivunja kabisa na la pili nusu. Theresia husema ni kwa sababu mama yake aliuona mgongo upo, ulikuwa haujafundishwa tu. Mzee Boay, kabla hajafariki, alisema ni kwa sababu fundi hawezi kuvunja kitu alichomaliza kukifunga mwenyewe. Safari alikuwa akisimulia kwamba bibi alimwogopa yeye. Nimeandika zote tatu kwa sababu siwezi kuchagua.

Nilimbeba Veronika mpaka Theresia alipopona. Jioni nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda, nimempa Theresia mgongo, naye ananyoosha mkono anashika nyayo za mtoto na kuongea naye kwa habari ndefu ambazo mimi sikuruhusiwa kuchangia. Nilizoea kukaa hivyo nikitazama mlango. Wafugaji waliniita Mama Vero kwa miaka mingi. Mmoja au wawili baadaye walikuja kuniuliza kwa siri jinsi ya kukunja kiti.

Vijana, msifanye kama mimi. Siku hizi kuna taratibu, mtoto haletwi josho, na taratibu hizo ni nzuri. Ila hili la nguo mbili lishikeni. Nguo ya dawa isiingie ndani, isilale na ya mtoto, na mke asiifue pamoja na mashuka. Pale ofisini mmelibandika ukutani kama tangazo la serikali. Lilitoka Gehandu.

Leo watoto wamekuja, wamesikia nimestaafu wakadhani naumwa. Emanueli ametoka Babati, Veronika ametoka Katesh na mtoto wake mgongoni. Bibi Magdalena hajaweza kuja, miguu imekataa, lakini ametuma salamu na swali kama bado naacha koti nje. Naliacha nje, ingawa sasa halina kazi.

Jioni tumekula ugali, maharage na maziwa ya mgando. Maharage yalikuwa hayana chumvi, kwa haki lazima niseme. Emanueli akasema, "Dada, tupe chumvi." Veronika akasema, "Mama, tupe chumvi." Theresia akaleta kikopo kimoja, akakiweka katikati yao.